Asiyeamua wa Kaunti ya Hadley

Orrin Skaar aliendesha lori la maziwa katika kaunti ya Hadley, Wiskonsin, tangu alipotoka jeshini hadi goti lake la kushoto lilipogoma kukanyaga klachi. Kulipokucha alikuwa njiani kitambo. Aliingia shamba hili, akatoka, akaingia lile, akiunga mpira kwenye tangi, akisubiri maziwa yavutwe, kisha akiaga kwa kidole kimoja kilichoinuka juu ya usukani. Wafugaji walimpenda kwa sababu hakuwapotezea wakati. Mtu aliweza kumfahamu Orrin miaka ishirini asijue kama anatia sukari kwenye kahawa.

Maneno ya nyumba yote yalikuwa ya mkewe, Lorna. Lorna aliongea na redio, aliongea na mbwa, aliongea na unga aliokuwa akiukanda. Jioni alimsimulia mumewe habari za watu ambao Orrin mwenyewe ndiye aliyewaona asubuhi ile.

"Unajua kwamba akina Dombrowski wanauza ng'ombe wote?"

"Nimetoka kwao leo."

"Na hawakukuambia?"

"Sikuuliza."

"Orrin, wewe ukikuta nyumba ya mtu inaungua utasubiri mwenyewe akutajie."

Akina Dombrowski waliuza kweli, na baada yao wakauza wengine. Lori likawa na vituo vichache na safari ndefu zaidi. Watoto wa mashamba yale walikwenda Minneapolis wakakaa hukohuko. Kiwanda cha samani cha mji mdogo wa Stavne kikafunga milango. Katika mji wa makao ya kaunti zikaja familia za Wahmong, wakimbizi kutoka Laos, wakafungua maduka ya mboga, na watoto wao wakasoma wakawa walimu na wauguzi. Kwenye mabanda makubwa ya ng'ombe wakaja vijana kutoka Guatemala, ambao walikamua usiku na mchana na kura hawakuwa nayo. Kando ya maziwa ya kaskazini wakajenga wastaafu wa Chicago. Kwa hiyo Hadley ikawa kaunti isiyojijua. Kaunti nyingine hujulikana zitapiga kura vipi hata kabla wagombea hawajapatikana. Huku kwetu mshindi alipishana na mshindwa kwa watu ambao wangeenea kanisani kwa Walutheri bila mmoja kukosa pa kukaa. Safari hii tulikwenda na Wademokrati, safari ile na Warepublikani, na mara nyingi yule tuliyemchagua ndiye aliyeingia Ikulu. Ndiyo maana wakubwa wakatupenda kila mwaka wa uchaguzi, na huku Wiskonsin ni nadra kuona mwaka usio na uchaguzi.

Mwaka gavana alipogombana na vyama vya wafanyakazi wa serikali, mapenzi hayo yalifika mpaka barabara ya akina Skaar. Ng'ambo ya barabara aliishi Ione Bratvold, mjane, mpishi mstaafu wa shule. Yeye na Lorna walikuwa marafiki tangu wote wawili walipokuwa na watoto wa kunyonya. Ione aliona gavana anamnyang'anya haki yake. Lorna aliona gavana ana hoja. Kila mmoja alisimamisha bango uani, mabango yakatazamana. Siku moja walikutana kwenye masanduku ya barua, Lorna akasema neno juu ya watu waliozoea kulelewa na kodi za wenzao, Ione akajibu neno juu ya watu wenye roho ya senti, kila mmoja akageuka na barua zake mkononi. Hawakuzungumza tena. Orrin aliyaona yote kupitia dirisha la jikoni na hakufanya kitu.

Lorna alikufa kwa kiharusi miaka sita baadaye, asubuhi, katikati ya sentensi. Kwenye mazishi Ione alikaa benchi la mwisho. Watu waliposhuka ukumbi wa chini ya kanisa kula mikate ya nyama na saladi ya viazi, hakushuka nao.

Baada ya hapo Orrin akaanza kusikia mambo ambayo hakuwahi kuyasikia: jokofu likinguruma, bomba la maji ya moto likigonga, kucha za mbwa sakafuni. Kisha mbwa naye akafa. Binti yao, Corinne, aliishi Arizona na alipiga simu Jumapili akiwa njiani kwenda mahali. "Uko sawa, Baba?" "Niko sawa." "Unakula?" "Nakula." Halafu Corinne alikuwa amefika mahali alipokuwa akienda.

Vuli ya mwaka uliofuata, Jumamosi mchana, mtu aligonga mlango wa mbele. Huku kwetu mgeni hupitia mlango wa nyuma, wa jikoni. Wa mbele ni wa polisi na wahubiri. Orrin alihangaika na komeo lililoshika kutu. Nje alisimama msichana wa Kihmong, mfupi, koti la manjano, tableti mkononi.

"Habari za mchana. Naitwa Pahoua Thao, nawatembelea wapiga kura wa barabara hii. Wewe ndiye Bwana Orrin Skaar?"

"Ndiye."

"Umeshaamua utampigia nani kura ya useneta?"

Alikuwa ameshaamua. Orrin alikuwa mtu wa kuamua mapema na kunyamaza. Hata Lorna hakuwahi kujua mumewe anampigia nani kura, naye alimaliza ndoa nzima akiulizia. Alifungua mdomo ajibu. Ndipo alipomwona binti yule kidole kimekaa tayari juu ya kioo, na mguu mmoja umeshaanza kugeukia ngazi. Akaelewa kwamba jibu lolote atakalotoa, zuri au baya, litamwondoa pale.

"Bado sijaamua," akasema.

Mguu ukarudi.

Alikaa karibu saa nzima, kwenye kiti cha Lorna cha barazani. Alieleza habari za bima ya matibabu, kisha za chuo cha uuguzi alikokuwa akisoma, kisha za bibi yake aliyekataa kula chochote kilichopikwa na mzungu. Orrin alisikiliza. Kusikiliza alikuwa anakujua vizuri. Binti alipoondoka aliahidi kurudi, na alirudi.

Wiki hiyohiyo akaja wa upande wa pili, kwa mlango wa nyuma, mtu mkubwa mwenye kofia ya duka la vyakula vya mifugo. Alikuwa Garth Linnehan, mwenye duka lenyewe, kutoka mji wa jirani.

"Skaar, nilikuwa nikikuona kwenye lori," Garth akasema. "Uko na sisi au hauko na sisi?"

"Ninafikiria."

"Fikiria basi. Una kahawa?"

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na ilikwenda miaka. Kulikuwa na uchaguzi wa gavana, wa jaji, wa useneta, wa urais, wa bodi ya shule, na kila mmoja ulileta wageni. Simu nayo ililia. Wapiga debe wa kila aina walimpigia kutoka miji asiyoijua, naye aliwauliza maswali taratibu, akaomba warudie, akasema hapo umenigusa, ngoja nilitafakari hilo. Alijifunza kwamba mtu aliyeamua hupigiwa mara moja na asiyeamua hupigiwa daima. Alilitia mafuta komeo la mlango wa mbele. Alijifundisha kutengeneza vikeki vya ndimu alivyokuwa akioka Lorna, vya kukata vipande vya mraba. Vya kwanza vilikuwa vigumu kama vigae, lakini kufikia uchaguzi wa jaji vililika.

Waliobaki wakawa ni wale wawili, maana ofisi za kampeni za pande zote mbili ziliona kwamba mzee yule anawapenda hao. Pahoua akamaliza chuo, akaanza kazi hospitali, akawa anajitolea siku zake za mapumziko. Orrin alijua alipofeli mtihani wa dawa na alipoufaulu. Alijua bibi alipofariki. Alijua pia habari za mchumba, Tou, ambaye hakuwa na haraka na lolote. Garth naye alizungumza kidogo sana juu ya wagombea. Mkewe alikuwa amepata ugonjwa wa kusahau, naye alikuja kwa Orrin kama mtu anayetoka nje kupunga upepo.

"Mke wangu nilimtongoza majira mawili akakubali," Garth alisema siku moja akijipangusa makombo. "Wewe huu mwaka wa nne."

"Labda yeye ulimpelekea maua."

"Nilimpelekea mbolea. Baba yake ndiye aliyekubali kwanza."

Orrin alicheka mpaka akashangaa sauti yake mwenyewe.

Mwaka wa uchaguzi wa urais uliofuata, Hadley ilichorwa kwenye kila ramani ya televisheni. Magazeti yakatuma watu. Mwanamke mmoja kutoka gazeti kubwa la mashariki alitafuta mpiga kura ambaye kweli hajaamua, akaelekezwa kwa Orrin. Alikuja na mpiga picha, akakaa jikoni siku nzima, akauliza juu ya maziwa na ndoa na Mungu. Orrin alimpa kila alichokuwa nacho isipokuwa ukweli. Picha yake ikatoka akiwa amesimama dirishani, na chini yake maneno kwamba huenda nchi nzima inamsubiri mzee huyu.

Mgahawani Stavne, alikokula samaki wa kukaanga kila Ijumaa na wanaume waliokuwa wakimfahamu tangu enzi za lori, walimpokea kwa vifijo.

"Haya, sogeeni, taifa limeingia," akasema Lyle Pruett, fundi matrekta mstaafu. "Orrin, samaki au kuku? Usikimbilie. Tunaweza kukungoja mpaka Novemba."

Ijumaa ya kwanza ilikuwa ya kuchekesha. Ya pili kidogo. Ya tatu Lyle hakutabasamu.

"Mimi niulize kitu," akasema. "Kaka yangu haongei na mwanawe kwa sababu ya uchaguzi huu. Kanisani watu wamehama benchi. Na wewe unakaa hapa unatuambia hujui. Mtu ambaye mpaka leo hajui, Orrin, ama ni mwongo ama hajali lolote. Wewe ni yupi?"

Mtu mmoja mezani alikoroga kahawa isiyo na kitu cha kukoroga. Orrin alitafuta jibu na jibu la kweli lilikuwa moja tu, nalo hakuweza kulitoa mbele ya sahani za samaki.

"Nafikiria," akasema.

"Haya. Fikiria," Lyle akasema, akamgeukia mwenzake kuongea habari za mvua.

Ijumaa iliyofuata Orrin alichukua samaki wake kwenye boksi akala nyumbani. Alidhani mtu atapiga simu kumuuliza amepotelea wapi. Waliopiga walikuwa wapiga debe.

Jumamosi ya mwisho kabla ya kura, Garth alikuwa ameshakaa jikoni, kofia juu ya goti, Pahoua alipogonga mlango wa mbele. Miaka yote ile hawakuwahi kukutana. Orrin alisimama katikati ya sebule asijue amfungulie au ajifanye hayupo, kisha akafungua.

"Kumbe una mgeni," Pahoua akasema, akiiona kofia. Alijua duka lile na alijua mwenyewe ni wa upande gani.

"Ingia, binti, simng'ati mtu," Garth akasema kutoka jikoni. "Meno yenyewe ya bandia."

Walikaa kama watu wanaosubiri daktari. Orrin akamimina kahawa, akakata vikeki. Kilichowafungua midomo ni kitu kidogo. Garth alitoa simu kutazama saa, akasema hawezi kukaa sana, jirani anamwangalia mkewe. Pahoua akamuuliza mke ana nini. Garth akaeleza, kwanza kwa kifupi, halafu kwa kirefu: jinsi anavyoamka na kuuliza watoto wako wapi, jinsi anavyoogopa kuoga. Pahoua alivuta kiti karibu. Akamwambia maji ya kuoga yasimwagike kutoka juu, atumie kitambaa, aanze na miguu, aimbe kama anaweza kuimba. Garth alisema hawezi kuimba. Pahoua akasema mkewe hatakumbuka. Garth akacheka, kisha akapangusa macho kwa kofia, na Orrin akaongeza kahawa ili apate kitu cha kufanya na mikono. Nje kulianza kupukutika theluji ya kwanza, nyepesi. Walizungumza mpaka vikeki vikaisha, na hakuna aliyemtaja mgombea yeyote. Orrin hakukumbuka alasiri nzuri kama ile tangu Lorna alipokuwa hai.

Pahoua ndiye aliyesimama kwanza.

"Bwana Skaar, hii ni mara yangu ya mwisho. Tou amepata kazi Minneapolis, tunafunga ndoa Januari. Kwa hiyo niambie tu ukweli, hata kama ni upande wa huyu. Umefikia wapi?"

Orrin aliutazama uso wake. Ulikuwa umechoka, na ulikuwa unamwamini.

"Nilishaamua," akasema.

"Lini?"

"Agosti. Au kabla. Huwa nimeshaamua. Kila mwaka."

Garth alianza kucheka, akakatisha.

"Kwa hiyo mara zote hizo," Pahoua akasema.

"Mara zote hizo."

"Mwezi uliopita nilitoka zamu ya usiku nikaja hapa sijalala." Hakupandisha sauti. "Kuna shangazi zangu mjini hawajui hata kituo cha kura kiko wapi. Kuna watu walitaka kusaidiwa kujiandikisha. Mimi nilikuwa hapa, nakula keki. Niliwaambia ofisini, yule mzee niachieni, yule yuko karibu."

"Pole," Orrin akasema.

"Ungesema tu unataka mtu wa kuongea naye."

"Ungekuja?"

Pahoua aliwaza kweli. Hakuwa mtu wa kusema uongo kwa ajili ya adabu.

"Sijui," akasema. "Labda. Siku mojamoja."

"Basi."

Alivaa koti lake, akasema asante kwa kahawa, akatoka kwa mlango wa mbele. Hakumuuliza alikuwa ameamua kumpigia nani, na Orrin hakumtaja, wala hajamtajia mtu mpaka leo. Garth alibaki kidogo akigeuzageuza kofia.

"Mimi sijakasirika," akasema. "Nilikuwa nakuja kwa ajili yangu mwenyewe." Lakini mlangoni akaongeza, kwa upole, "Ila sasa nitamwambia nini jirani yangu? Nilikuwa namwomba amwangalie mke wangu kwa sababu naenda kufanya kazi ya chama."

Orrin akamwambia anaelewa. Akaosha vikombe vitatu.

Siku ya kura alikwenda ukumbi wa kijiji asubuhi. Sheria ya huku ni kwamba mpiga kura ataje jina na anwani kwa sauti mbele ya karani, hata kama karani ni mama yake mzazi. Karani aliyekuwa mezani ni Ione Bratvold, miwani kwenye ncha ya pua. Ilikuwa miaka mingi tangu waambiane neno.

"Jina?"

"Orrin Skaar."

"Anwani?"

"Ng'ambo ya kwako."

Ione hakuinua kichwa. "Nahitaji namba ya nyumba."

Akampa namba. Ione akatia alama kwenye daftari, akamsukumia karatasi ya kura, akasema, "Kalamu iko ndani." Orrin akaingia kwenye kibanda, akapiga kura aliyoiamua Agosti, akatoka. Alipopita tena mezani Ione alikuwa akimhudumia mwingine.

Matokeo yalipotangazwa, Hadley haikuwa tena ile ya kubanana. Upande mmoja ulishinda kwa pengo pana ambalo halijawahi kuonekana tangu baba yake Orrin alipokuwa kijana. Watu wa televisheni walieleza: wazee wamekufa, vijana wamehama, waliokuja hawakujiandikisha, waliobaki wamekaza kamba upande mmoja. Huenda walisema kweli. Safari iliyofuata walipochora ramani, Hadley ilikuwa na rangi ya chama kimoja tayari, na wakubwa walipeleka fedha na miguu ya vijana wao kwingine.

Kabla ya hapo, Februari, Ione aliteleza kwenye barafu akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali, mwanawe alikuja kutoka Green Bay kufungasha. Orrin aliyaona maboksi kupitia dirisha la jikoni. Safari hii alivaa koti akavuka barabara. Mwana alikuwa ghorofani akifungua kitanda kwa bisibisi. Ione alikuwa ameketishwa jikoni na fimbo ya kutembelea.

"Kuna kahawa, lakini sijui vikombe viko boksi gani," akasema.

"Siyo lazima."

Walikaa. Halafu Ione akauliza, "Wale watu wote waliokuwa wakija kwako. Nilidhani unaumwa."

"Nilikuwa najifanya sijaamua kura."

Ione alimkodolea macho. Kisha akaanza kucheka, akashika nyonga, akacheka tena kwa maumivu.

"Lorna angekuua."

"Najua."

"Siku ile ya mazishi nilifika mpaka ngazi za kushukia ukumbini. Nikasikia harufu ya kahawa. Miguu ikakataa." Alisawazisha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na mkunjo. "Na mpaka leo naona mimi ndiye niliyekuwa na haki."

"Naye aliona hivyohivyo."

"Ninajua aliona hivyo. Baada yake sikupata mwingine wa kubishana naye. Wengine wote wananikubalia."

Orrin alitaka kusema kwamba naye alikuwa pale, ng'ambo ya barabara, miaka yote hiyo. Aliliweka neno mdomoni akaligeuza, kisha akalimeza. Ione angeweza kumjibu vivyo hivyo. Mwana akashuka na mbao za kitanda, Orrin akasimama akamshikia mlango. Alibeba maboksi mawili mepesi, kisha kiti. Gari lilipoondoka Ione aliinua mkono dirishani, naye akainua kidole kimoja kama enzi za lori.

Nyumba ilinunuliwa na watu wa Chicago ambao walikuja majira ya joto wikiendi mbili. Walikuwa na adabu. Waliweka mapazia yanayofunguka na kufungwa yenyewe, na mwanzoni Orrin alidhani kuna mtu ndani.

Alirudi mgahawani Ijumaa moja. Lyle Pruett alimsogezea kiti bila maneno, na maisha ya meza yakaendelea. Hakuna aliyemuuliza juu ya uchaguzi, kwa kuwa hakukuwa na la kuuliza. Lyle alizungumza na kaka yake, kaka bado hakuzungumza na mwanawe. Pahoua alituma kadi ya Krismasi yenye picha ya harusi, imeandikwa majina yao wawili tu. Orrin aliiweka juu ya jokofu. Alinunua kadi ya kumjibu, akakaa nayo, akaandika kwamba amefurahi sana, na kwamba goti linaendelea vizuri.

Uchaguzi wa gavana ukaja. Septemba ikapita, Oktoba ikafika katikati. Mahindi yalivunwa mashamba yakabaki wazi, mtu aliweza kuona gari likija kutoka mbali, na magari yalipita. Orrin hakutengeneza vikeki. Alimpigia Garth mara moja. Garth alipokea, akasema mke amehamishiwa nyumba ya kulelea wazee na yeye hushinda huko, wakasema watakutana, kila mmoja akimaanisha.

Jioni moja, bado kweupe, simu ya nyumbani ililia. Alikuwa kijana mwenye sauti ya kusoma, akifanya utafiti wa maoni, dakika chache tu kama mzee ana nafasi. Orrin akasema anayo. Akavuta kiti.

Safari hii alijibu kila swali kwa ukweli. Atapiga kura, ndiyo. Ameshaamua, ndiyo. Alimtaja mgombea kwa jina, kwa sauti, jikoni kwake, kwa mara ya kwanza maishani, na kijana akasema sawa, akaendelea na swali linalofuata.

"Je, katika kaunti yenu mambo yanakwenda vizuri au vibaya?"

"Yanakwenda."

"Samahani, lazima nichague moja."

"Basi weka vibaya. Hapana. Weka sijui."

"Sawa. Umri wako, ni kati ya..."

"Mzee. Weka la mwisho."

"Dini?"

"Mlutheri."

"Nyumbani kwenu kuna watu wazima wangapi wenye haki ya kupiga kura?"

"Mmoja."

"Na ukijihesabu na wewe?"

"Huyo mmoja ndiye mimi."

Zikasikika herufi zikibonyezwa.

"Tumemaliza, bwana. Asante kwa muda wako."

"Hapo ulipo ni wapi?" Orrin akauliza.

"Haturuhusiwi kuongea nje ya maswali."

"Sawa, sawa."

Kijana hakukata. Nyuma yake zilisikika sauti nyingine nyingi, kila moja ikimuuliza mtu wake umri na dini.

"El Paso," akasema kwa sauti ya chini.

"Kuna joto?"

"Joto sana."

"Hapa kumeanza baridi," Orrin akasema. "Mahindi yameshatolewa. Ukisimama hapa dirishani unaona mpaka kwa akina Dombrowski, ingawa siku hizi hakuna mtu."

"Sawa, bwana," kijana akasema. "Usiku mwema." Na sasa akakata.

Orrin alirudisha mkono wa simu mahali pake. Kisha akakumbuka hajala, akafungua jokofu akasimama mbele yake kwa muda, akichagua kati ya supu na mayai.